Farasi Aliyekataa Kuguswa Sikio

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hamjashiba, au? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Haya, sasa mmeamka. Masikio mnayo?"

"Tunayo!"

"Yashikeni niyaone. Wewe Hamadi, hilo ni sikio la dada yako, mwachie. Shika lako. Na Riziki, vuta mguu mbali na moto, usije ukachoma kidole halafu mama yako aje kunigombeza mimi."

Basi hapo kale, kale ya mababu wa mababu zenu, farasi walikuwa wakisema kama mnavyosema nyinyi. Wakisema maneno kamili, tena kwa ufasaha. Taabu ilikuwa kwa watu. Watu walikuwa na masikio mazuri ya kuvalia vipuli, lakini kuyasikilizia walikuwa wavivu.

Na katika mji mmoja wa zamani hizo palikuwa na mkunga, jina lake Bi Mwanamvua. Mkunga ni nani?

"Anayezalisha!"

Hewala. Bi Mwanamvua alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mikono hiyo ndiyo iliyowapokea watoto wa mji mzima. Hata kadhi alipokelewa na mikono hiyo, na kila akianza kujivuna, Bi Mwanamvua humkumbusha alivyolia siku alipozaliwa, mji ukacheka.

Mbali na mji, ng'ambo ya uwanda wa mchanga, palikuwa na kijiji kinaitwa Mkunguni. Huko aliishi mwanamke kijana, Somoe, na mumewe Mshamu. Somoe alipopata uchungu wa mtoto wake wa kwanza, Mshamu alikuja mbio kumwita mkunga. Bi Mwanamvua akachukua mkoba wake, akatoka kwa miguu. Akaenda, akaenda, akaenda. Mchanga unaunguza, jua linachoma, naye anakwenda.

Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, na ameshaondoka duniani.

"Maskini!"

Maskini, ndiyo. Somoe hakumlaumu. Alimshika ile mikono yake mikubwa, akamwambia, "Ahsante kwa kuja, bibi." Bi Mwanamvua alitukanwa mara nyingi maishani mwake na hakujali, lakini ahsante ile ilimchoma moyo. Akamwambia Somoe, "Mwanangu, ukijaaliwa mwingine, nitafika. Nakuahidi, nitafika mapema."

Watu wa vijiji vya ng'ambo wakasikia. Wakasema, huyu mama ametuzalisha wote, na miguu yake imechoka. Mwenye mpunga akatoa mpunga, mwenye mbuzi akatoa mbuzi, wakaenda nchi ya mbali, wakarudi na farasi. Farasi mwekundu, mpole, mwenye macho makubwa. Wakamfunga uani kwake, wakasema, "Huyu ndiye ahsante yetu." Bi Mwanamvua akakaa kizingitini, akalia mpaka ushungi ukalowa. Farasi akampa jina, Marijani.

Wakapendana hao! Bi Mwanamvua akichukua hatamu, zile kamba za ngozi anazovishwa farasi kichwani, Marijani mwenyewe huinamisha kichwa. Zinapita puani, zinapita nyuma ya masikio, tayari, safari. Watoto wakazaliwa salama, ng'ambo na huku. Na kila usiku kabla ya kulala Bi Mwanamvua husema, "Alhamdulillahi kwa Marijani."

Basi siku ya siku Somoe akashika mimba tena. Bi Mwanamvua akafurahi. Akasema, safari hii nina miguu minne.

Paukwa!

"Pakawa!"

Asubuhi moja Bi Mwanamvua akachukua hatamu, akaenda kwa Marijani. Akanyoosha mkono. Mkono ulipokaribia sikio, Marijani akarusha kichwa juu! Juu kabisa, kama twiga. Bi Mwanamvua akajaribu tena. Kichwa?

"Juu!"

Akajaribu upande wa pili. Kichwa?

"Juuu!"

Na Marijani akaimba. Huu ndio wimbo wake, mtaniitikia:

"Nibebeshe mzigo, nitabeba,
nipeleke mbali, nitakwenda,
ila sikio langu, sikio langu,
sikio langu niachie."

Bi Mwanamvua akastaajabu. Jana mpole, leo hashikiki. Akasema, "Marijani, una nini? Umeota kiburi?" Mnaona swali lenyewe? Mtu ukimwuliza hivyo, atakujibu nini?

Hatamu iliyokuwa mkononi ikasema, "Nivute! Mimi ni ngozi ya ng'ombe, sikatiki. Nivute kwa nguvu, atashuka."

Na jirani yake, Bwana Ngwali, mwenye punda wa kubeba mawe, akachungulia ukutani. Akasema, "Shemeji, mimi punda akikataa, nakamata sikio nalisokota hivi. Anatulia palepale."

"Lakini huyu si punda, Bwana Ngwali."

"Sikio ni sikio, shemeji."

Akaruka ukuta, kiherehere hicho! Bi Mwanamvua akavuta hatamu, Bwana Ngwali akakamata sikio. Akalisokota. Loo! Marijani alipiga kelele ambayo mji haujapata kuisikia. Akasimama kwa miguu miwili, Bwana Ngwali akaning'inia sikioni kama nguo iliyoanikwa, kisha, puu! ndani ya pipa la maji.

"Hahaha!"

Mnacheka nyinyi. Bi Mwanamvua hakucheka. Kuanzia hapo, Marijani akikiona kivuli tu cha mkono, anatetemeka. Zamani lilikuwa ni sikio moja halishikiki. Sasa kichwa kizima hakikaribiwi.

Na Marijani akaimba, akaimba vipi?

"Nibebeshe mzigo, nitabeba, nipeleke mbali, nitakwenda, ila sikio langu, sikio langu, sikio langu niachie!"

Paukwa!

"Pakawa!"

Alikuja shoga yake Bi Mwanamvua, Bi Tamima. Huyo alikuwa na jawabu la kila kitu kabla hujamaliza kuuliza. Akamtazama Marijani, akapiga kofi. "Shoga, hilo jicho! Farasi mzuri kama huyu, unampitisha sokoni bila kinga, unategemea nini? Watu wamemhusudu."

"Sasa tufanyeje?"

"Tumfukize. Tumrashie. Tumvishe asumini kama bibi harusi. Jicho halikai penye harufu nzuri."

Wakaleta chetezo, wakatia ubani, moshi ukajaa ua mzima, kuku wakapiga chafya. Wakaleta na mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia marashi. Na mrashi nao ukasema, "Ninyunyize! Ninyunyize! Mimi nimeondoa uchungu kwenye harusi na matanga, nitashindwa na farasi? Nitie mlemle sikioni, ndimo jicho lilimojificha!"

Bi Tamima akapanda juu ya kinu. Akavizia kwa nyuma. Marijani anatazama moshi, Bi Tamima akatikisa mrashi. Chwa! Marashi yakaingia sikioni.

Mmewahi kutia kitu kikali kwenye kidonda?

"Ndiyo! Inauma!"

Basi mnajua. Marijani alizunguka ua mara mbili mbili. Alivunja banda la kuku. Alimwaga uji. Kinu kikaenda huku, Bi Tamima akaenda kule, asumini ikamkaa Bi Tamima mwenyewe kichwani, akawa yeye ndiye bibi harusi. Kisha Marijani akajibanza kwenye pembe ya ukuta, kichwa ameuelekezea ukuta, akiwaonyesha mgongo.

Bi Tamima akakung'uta kanga. "Shoga, mimi nimefanya langu. Huyu ameharibika. Mrudishe kwao."

Bi Mwanamvua akakaa juu ya kinu kilichoanguka. Akahesabu miezi ya Somoe kwa vidole, akaona vidole vinakaribia kwisha. Akawaza, nimrudishe? Watu walionipa walijinyima. Nitawaambia nini, ahsante yenu imenishinda? Na Somoe je? Machozi yakamtoka, akayafuta kwa viganja vyake.

Paukwa!

"Pakawa!"

Sasa tegeni sikio, maana hapa aliyesema si farasi, wala si hatamu, wala si mrashi. Ilisema mikono yake mwenyewe. Mkono wa kulia ukasema, "Mwanamvua."

"Labeka."

"Sisi tumekutumikia miaka mingi. Ukienda kwa mzazi, unatupeleka vipi?"

Bi Mwanamvua akaitazama mikono yake. Alijua. Yeye alikuwa na ada yake, hakuna mkunga mwingine aliyekuwa nayo. Kabla hajamgusa mama tumboni, husimama kando ya kitanda, akasema "Hodi." Mama akiitika "Karibu," ndipo anapomgusa. Asipoitika, anarudi nyuma, anangoja, anapiga hodi tena. Hodi tatu zikipita kimya, anatoka nje, anarudi baadaye. Watu walimcheka, "Bi Mwanamvua, unapiga hodi kwenye tumbo?" Naye huwajibu, "Mwili wa mtu ni nyumba yake. Kwako huwa wanaingia bila hodi?"

Mkono wa kushoto ukasema, "Kwa Marijani tumeingia kama wezi. Tumevuta, tumesokotesha, tumemwagisha. Hodi hatukupiga. Na alipolia, hukumwuliza panapouma. Umemwuliza ana kiburi gani."

Bi Mwanamvua akaona haya. Aliona haya mbele ya farasi, jambo si dogo hilo kwa mtu mzima. Akainuka, akasogea polepole, akasimama mbali. Akasema, "Hodi, Marijani."

Kimya.

Akarudi nyuma. Akangoja. "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya! Akatoka zake nje ya ua, akafumua banda la kuku alitengeneze. Akarudi alasiri. Hodi. Kimya. Akarudi kesho. Hodi. Hodi. Sikio moja likageuka. Akarudi kesho yake tena, na Marijani, kwa sauti ndogo kama ya mgonjwa, akasema:

"Karibu, bibi. Lakini ishia shingoni."

Akaishia shingoni. Aliambiwa shingoni, akashika shingoni, basi. Siku nyingine akaambiwa shavuni, akashika shavuni. Siku nyingine akamwuliza, kwa sauti ileile anayowauliza wazazi, "Mwanangu, panauma wapi?"

Marijani akashusha kichwa, machozi yakimtiririka. "Mbona hukuniuliza siku ile, bibi? Panauma ndani. Ndani ya sikio kuna wanaoniuma, hawalali."

"Hodi basi sikioni."

"Karibu. Taratibu."

Bi Mwanamvua akafunua lile sikio kama anafunua kanga ya mtoto mchanga. Ndani, chini kabisa, wamejipanga kupe! Kupe wamevimba kama mbegu za mbono, wameng'ang'ania, na ngozi imekuwa nyekundu, ina vidonda. Waliingia malishoni, kwenye majani marefu. Bwana Ngwali aliwasokota humohumo. Bi Tamima aliwamwagia marashi juu ya kidonda. Na watu wote wakisema kiburi, wakisema jicho.

"Masikini Marijani!"

Akapasha mafuta ya nazi, yakawa vuguvugu kama ya kumpakia mtoto. Akatia tone, akangoja. Tone, akangoja. Kupe wakalegea. Akawatoa mmoja mmoja, akiuliza kila mara, "Niendelee?" Wakitoka anawatupa chini, na kuku wale waliopiga chafya wakapata chakula chao cha mchana. Alipomtoa wa mwisho, Marijani akashusha pumzi ndefu, akasema, "Ahsante, bibi."

"Nisamehe, Marijani."

"Nimekusamehe."

Mnadhani yameisha? Hata Bi Mwanamvua alidhani yameisha. Kidonda kilipopona akachukua hatamu kwa furaha, akanyoosha mkono. Kichwa?

"Juu!"

Juu vilevile. "Bado panauma?" akamwuliza.

"Hapaumi tena," akasema Marijani, "lakini mkono ukija, moyo wangu unakumbuka kabla ya kichwa changu. Sifanyi makusudi."

Bi Mwanamvua hakumkasirikia. Akaitundika hatamu. "Basi nitapiga hodi mpaka moyo wako usahau. Mimi sina haraka."

Alisema hana haraka, na Mungu akaleta haraka. Siku hiyohiyo alasiri Mshamu akaingia uani, anahema, vumbi mpaka kwenye kope. "Bibi! Somoe! Uchungu umeanza, na mtoto amekaa vibaya!"

Bi Mwanamvua akashika mkoba kwa mkono mmoja, hatamu kwa mwingine. Mikono inatetemeka. "Hodi, Marijani."

Marijani akaona ile mikono inatetemeka, naye akatetemeka. Kimya.

Bwana Ngwali akachungulia tena ukutani. "Shemeji, kuna roho ya mtu! Mara moja tu, nimshike sikio, mimi na Mshamu, tumvishe hiyo hatamu uondoke!"

Nyinyi mngefanyaje? Semeni.

"Tungemshika!"

"Hapana, angeogopa!"

Mnaona, hata nyinyi mmegawanyika. Na moyo wa Bi Mwanamvua uligawanyika hivyohivyo. Alimkumbuka Somoe na ile ahsante yake. Alitazama sikio la Marijani. Wanaume wawili wangeweza. Akasema, "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya.

Hodi tatu zimepita. Bi Mwanamvua akaitundika hatamu ukutani, akasema, "Haya, baba, pumzika. Nitakwenda kwa miguu." Akatoka.

Akaenda, akaenda, akaenda. Mchanga unaunguza, jua linachoma, naye anakwenda mbio, anaanguka, anainuka, na Mshamu nyuma yake analia. Anasema moyoni, Ya Rabi, nimemwahidi Somoe.

Mara akasikia mchangani, du! du! du! Akahisi pumzi ya moto begani. Na sauti ikasema:

"Hodi, bibi."

"Marijani!"

Bi Mwanamvua hakugeuka haraka, alikwishajifunza. Akasema, "Karibu." Marijani akapita mbele yake, akainamisha kichwa, akakiweka kifuani mwake. "Ulikuwa na watu wa kunishika ukaniacha," akasema. "Nilikuona ukiondoka kwa ile miguu yako mibovu. Moyo wangu umesahau. Nifunge, twende."

Hatamu iko nyumbani! Basi Bi Mwanamvua akavua kanga moja mabegani, akaizungusha puani, akaipitisha shavuni, akaifunga palepale, nyuma ya masikio. Kichwa hakikwenda juu. Akapanda. Na hapo, wanangu, Marijani alikimbia! Uwanda ule wa mchanga aliupita kabla Mshamu hajamaliza kufuta machozi.

Akafika. Akasimama kando ya kitanda cha Somoe. "Hodi, mwanangu."

"Karibu, bibi," akasema Somoe kwa meno yaliyoumana. "Umekuja mapema."

Mikono ikafanya kazi yake. Ikamgeuza mtoto, ikangoja, ikamgeuza tena. Jua lilipokuwa linatua, sauti ikasikika Mkunguni nzima. Ngaa! Ngaa! Msichana. Mzima, mnene, ana hasira kama kadhi.

"Alhamdulillahi!"

Nyinyi mnasema alhamdulillahi kwa hadithi. Fikirini aliyeisema siku ile.

Siku ya arobaini Somoe akatoka nje na mtoto wake, amepakwa wanja, amenukia. Kijiji kizima kimekaa ukumbini, na Bi Mwanamvua amewekwa mbele kwenye mkeka mpya. Somoe akamwendea, akapiga magoti, anataka kushukuru. Bi Mwanamvua akamwinua. "Mimi nimeshapewa yangu. Yuko pale mwenye haki yake."

Somoe akamwendea Marijani. Akasimama mbali kidogo, maana alikwishaelezwa. "Hodi."

"Karibu, mama."

Akasogea, akamwinua mtoto ili amwonyeshe. "Huyu ndiye uliyemletea mikono," akamwambia. "Ahsante." Na mtoto, mnawajua watoto wachanga, chochote kikigusa kiganja wanakishika, akafumba vidole vyake juu ya sikio la Marijani. Sikio lilelile! Akalikamata. Akalivuta!

Kijiji kikaacha kupumua. Bwana Ngwali, aliyekuja kula pilau, akajificha nyuma ya nguzo.

"Kichwa juu?"

Nani kasema juu? Marijani hakutikisika. Alifumba macho, akashusha kichwa chini zaidi, ili mkono ule mdogo usichoke kushika. Akasimama hivyo mpaka mtoto akalala, na sikio bado liko kiganjani mwake.

"Lakini bibi, mtoto hakupiga hodi!"

Ndiyo, Riziki, hakupiga. Alikuwa hajajua kusema. Wakubwa walimpigia Marijani hodi siku zote zile, naye akaingia kwa hodi zao.

Basi shikeni hili. Anayeruka ukimgusa, usimwite mwenye kiburi kabla hujajua panapomuuma. Na kidonda kikishapona, woga unachelewa kupona, mngojee. Na anayekubeba, awe mama, awe ndugu, awe mnyama, mwambie ahsante leo, akiwa bado anaisikia.

Ngano yangu nimeitua mzigo, nimeifungua hatamu, nimeiacha ikalale. Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe Hamadi, sikio la dada yako, nilikwambia nini?

"Hodi, dada."

"Sitaki!"

Basi ngoja. Kesho utapiga tena.